Bakteria wa Chupa na Sponji ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Tangi la samaki limefika. Ni kubwa kuliko la shemeji, nimelipima kwa mkono. Mama mkwe anakuja Jumamosi, na nimeshamwambia kwenye simu kwamba samaki wa mwanawe ni dagaa mbele ya wangu. Wangu bado sijawanunua, lakini hilo ni jambo dogo.

Muuza samaki wa mapambo kagoma kuniuzia. Eti tangi jipya halina bakteria wa kula uchafu, samaki wataugua kwa kinyesi chao wenyewe. Kaniuzia bakteria wa chupa. Niwamimine, nitie chakula kidogo, nisubiri, kisha nimpelekee maji ayapime. Kasisitiza kwamba wanaishi kwenye sponji ya chujio, nisiioshe. Nimemwambia mimi si mtoto.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kauliza kwa nini nimenunua vijidudu wakati vya bure tunavyo. Chupa inasema kifuniko kimoja. Nimemimina yote, nina haraka.

Jumatano, 5 Machi
Maji meupe kama ya kuoshea mchele. Aibu gani hii! Nikachomoa sponji, inateleza na kunuka. Nimeisugua kwa sabuni ya unga mpaka ikatakata, kisha nikabadilisha maji yote. Sijasikia kiumbe aliyekufa kwa usafi.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya kupima maji. Yangu siyaamini. Nikapita kwa shemeji, eti kumsalimia. Alipoingia jikoni kuweka chai, nikachota maji ya tangi lake kwa chupa. Muuzaji kayapima, kayasifu, kaniuzia samaki wa dhahabu sita. Akili ni nywele, na mimi ninazo nyingi. Nimewamwagia chakula tele wanenepe kabla mgeni hajaja.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kawasili, kaja na shemeji. Samaki wote juu ya maji, midomo wazi. Nikamwambia wanampa shikamoo. Akaitikia marahaba, mmoja baada ya mwingine. Kisha mmoja akalala ubavu. Nikasema huyo kazidisha heshima.

Shemeji hakucheka. Aliomba ndoo, akawabeba wote kwake. Mama mkwe akaifuata ndoo. Kwangu hakugusa hata chai.

Jumapili, 9 Machi
Samaki wote wamepona, huko kwa shemeji. Mama mkwe kasema atanipa nafasi moja ya mwisho: tangi likiwa sawa, atarudi na samaki.

Jioni shemeji kaniletea zawadi kwenye mfuko. Sponji kuukuu ya chujio lake, nyeusi, inanuka. Eti ndani yake mna kila kitu tangi langu linachohitaji. Takataka, mbele ya mke wangu! Nimemeza hasira, nikamshukuru.

Lakini simpi nafasi ya kunicheka. Nimeichemsha sponji yake kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mara mbili, nikaiweka kwenye chujio. Nyeupe pee. Mama mkwe aje hata kesho.