Mtaalamu wa Pumzi za Majani

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, kijana yeyote wa mjini Lindi asiye na barua ya kazi alipakiwa kwenye lori na kupelekwa Rutamba kushika jembe. Tawakali Pazi hakuwa na barua. Alikuwa na suruali iliyopigwa pasi, mdomo, na chuki kubwa ya jembe.

Basi alipochungulia katika ofisi moja ya umma (siitaji, wenyewe wangali hai) akamwona Katibu, Ndugu Likwata, akilitazama tangi la kioo kwa huzuni ya mfiwa, alifurahi mno. Tangi lilikuwa na samaki wadogo na majani ya majini, zawadi ya mzungu aliyerudi kwao. Majani yalikuwa yamegeuka njano, na baada ya mwezi mmoja mgeni kutoka Dar es Salaam angekuja kuliona.

"Yanakosa pumzi, Ndugu Katibu," alisema Tawakali, ambaye aliwahi kumfulia mzungu yule nguo na kuokota maneno mawili matatu. "Jani linataka mwanga, na linataka hewa ile tunayoitoa sisi puani. Kimoja kikizidi, mambo yanaharibika."

Akaeleza dawa yake: chupa yenye maji, hamira na sukari, na mpira mwembamba wa kupeleka hewa tangini. Sukari kilo mbili kila wiki. Wakati huo watu walipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, lakini Likwata alimeza mate akaidhinisha. Akaandika na barua: Tawakali Pazi, Mtaalamu wa Mwanga na Hewa.

Chupani mtaalamu alitia maji matupu. Sukari akaenda nayo kwake. Ili aonekane anafanya kazi, aliacha taa ya tangi ikiwaka mchana na usiku. Baada ya siku kumi maji ya tangi yalikuwa kijani kama mlenda.

Bi Sada, mfagiaji wa ofisi na muuza vitumbua, alikuwa amemsikiliza mtaalamu neno kwa neno na kumwamini. Ndiyo maana aliinama kuitazama chupa. Miaka ishirini ya kuumua vitumbua ilimfundisha kwamba hamira iliyopewa sukari haikai kimya, na hii haikutoa hata povu moja. Alikasirika sana, kwani yeye sukari aliipata kwa foleni.

Kwa siri alimwaga maji ya chupa, akatia hamira na sukari yake ya akiba, na taa akaiwasha kwa muda wa saa sita tu kila siku. Mapovu yakapanda. Mgeni alipofika, maji yalikuwa maangavu na majani yamestawi hadi juu.

Tawakali alishangaa kuliko wote, ila sifa alizipokea.

Wiki iliyofuata Likwata alimwita akiwa na furaha tele. Mgeni alikuwa ameagiza kipaji kile kisipotee kwenye tangi.

"Rutamba kuna ziwa zima," alisema Katibu. "Lori linaondoka saa nane. Wakati ukisubiri vifaa, utasaidia shambani."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Tawakali alisema kweli.

"Ndugu Katibu, mimi si mtaalamu. Nilikuwa naiba sukari."

Likwata alicheka mpaka akafuta machozi, akasema wataalamu wa kweli ndivyo walivyo, hawajisifu. Tawakali akamgeukia mfagiaji, aliyekuwa kando ya tangi na ufagio wake; vidole vyake vilinuka hamira, na hapo ndipo akaelewa.

"Shikamoo, Bi Sada. Mwambie ni wewe."

"Marahaba, mwanangu. Mimi kazi yangu kufagia."

Akaongeza kwa upole kwamba chupa anaweza kuiangalia, mradi zile kilo mbili za wiki ziendelee kutoka. Katibu akakubali papo hapo.

Saa nane Bi Sada alimpelekea Tawakali kitumbua cha njiani, pale pale juu ya lori. Alikila akiwa ameketi juu ya rundo la majembe. Kilikuwa na sukari nyingi mno.