Malalamiko Juu ya Kitufe cha "Waite Warudi"

Kwa Bi Chanelle,
Mtengenezaji wa Michezo ya Simu,
Chumba cha nyuma, kwa dada yangu Daphrose,
Nyakabiga, Bujumbura.

YAH: KUONDOLEWA MARA MOJA KWA KITUFE KIMOJA

Mpwa wangu mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi mbele ya kompyuta yako yenye kioo kilichopasuka. Ningeweza kuja mwenyewe, ni dakika kumi kwa miguu, lakini jambo ni zito na mambo mazito huandikwa. Mimi mjomba wako Pontien, msemaji wa posa kwa miaka ishirini na sita, nimecheza mchezo wako uitwao Siku ya Posa, na nina malalamiko yafuatayo.

1. Tumbo. Msemaji wa kwenye mchezo amevaa koti langu la kahawia na ana upara wangu, ila tumbo si langu. Fadhila anayekuchorea picha amekula pilau ya harusi meza moja nami mara tatu, kwa hiyo hawezi kusema hajui vipimo.

2. Majibu matatu. Wageni wakisema neno, mchezo unanipa majibu matatu nichague. Mimi nikiulizwa tu habari za asubuhi nina majibu kumi na moja, na saba kati yake hayana maana yoyote, ndiyo sababu naalikwa kila mahali. Tena mchezo hauna bunduki, hauna gari, hauna hata mpira. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanazungumza, mvua inapiga bati, basi. Nimeucheza mara kumi na nne nikitafuta mahali unapochosha ili nipataje hapa. Sijapaona, na hilo nalo ni lalamiko.

3. Heshima ya kazi. Posa zetu unazijua. Wageni wanakuja kuomba mke, sisi tunajifanya hatujui walichofuata. Tunasema hapa hakuna msichana, au yupo ila amesafiri. Msemaji wao anabembeleza, mimi nakataa, watu wanacheka, mwisho msichana anatolewa chumbani amepambwa. Huo ni mchezo wa hadithi pia, tena hauhitaji chaji. Sasa mwezi uliopita kule Cibitoke, nilipotamka tu kwamba msichana amesafiri, binamu za bwana harusi waliitikia kwa pamoja: "Tonton Pontien, mjomba wetu, bonyeza waite warudi." Bibi mmoja alicheka mpaka akashikwa asidondoke. Nilisahau sentensi iliyofuata. Miaka ishirini na sita, sijawahi kusahau sentensi.

4. Kuchukua mambo ya familia. Umechukua posa yako mwenyewe ukaiweka ndani ya simu za watu. Ni kweli Maxime alipokuja kukuposa, msemaji wao alikuwa kitandani na malaria. Ni kweli walimleta badala yake Adil, rafiki wa Maxime, kijana mwema wa duka la vitambaa, aliyekulia Muscat na hajawahi kuona posa ya kwetu hata moja. Nilisema, "Mutoto hayiko hapa, alienda Rumonge." Nilisema vizuri sana, hata mimi nilianza kuamini. Adil akasimama, akajibu, "Pole, hatukujua. Inshallah tutarudi siku ingine." Na kwa kuwa msemaji akiinuka ujumbe wote unainuka, waliinuka wote, na vikapu vyao, wakaenda.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kuwaita. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, mpwa wangu. Hujui makofi yanavyomfanya mtu. Wazee wa Maxime wakaona wamefukuzwa, wakaapa hawarudi mpaka aliyewafukuza aende kwao mwenyewe kuwaita. Miaka miwili sasa nawaeleza watu kwamba kosa ni la Adil.

5. Kitufe chenyewe. Adil anapoinuka, majibu yako ni haya: "Cheka", "Agiza bia nyingine", "Waite warudi". Nimebonyeza la kwanza mara nane na la pili mara sita. Kila mara picha inahamia chumbani, msichana amekaa kitandani na shanga zake, anasikia magari yakiwaka, mchezo umekwisha. Huu si uungwana. Mtu mzima hapaswi kuonyeshwa chumba hicho mara kumi na nne kwenye simu yake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba kitufe kiondolewe. Kama hakiondoki, kila mchezaji awe na cheti kutoka kwa kamati ya wasemaji, ambayo nitaiunda na kuiongoza. Mchezo usifunguliwe pasipo kreti la bia karibu, maana hakuna aliyewahi kuposa na koo kavu. Hatimaye, simu zote za Nyakabiga, Cibitoke na Mutanga Sud ziletwe kwangu nizikague moja moja, hata kama itachukua kiangazi kizima.

Msalimie mama yako, wapangaji wote, Fadhila na kalamu zake, na jirani yenu Scholastique ambaye bado ana sufuria yangu.

Mimi wako, kwa masikitiko na sauti iliyokauka,
Pontien
Mjomba na Msemaji

P.S. Kabla ya kufunga bahasha nimecheza mara ya kumi na tano, kwa ajili ya ushahidi tu, nikabonyeza la tatu. Yule msemaji mwenye koti langu alitoka mbio mpaka barabarani, akashika mlango wa gari. Nilidhani utamwandikia hotuba. Umempa maneno mawili: "Mtoto yupo." Nimeyasoma mpaka simu ikazimika. Kitufe kisiguswe. Maxime bado anakaa Mutanga Sud, hajaoa, nimeuliza. Kesho saa nne nataka kwenda kwa wazee wake, lakini kuna kitu sikukuuliza siku ile wala baadaye, na nakuuliza sasa: bado unamtaka? Naomba jibu kabla sijavaa viatu.