Keramiki Itakayotunza Umeme wa Materinite

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Gavana, Bwana Shefu wa Kartie, Baba Padri, bapasta pamoja na korale zao za kuimba, Mama Philomène mkunga wetu, wenye diplome na wanaozingojea, sitwayeni wote wa Likasi: ninawasalimu, na minye mwenyewe, mheshimiwa wenu wa projet hii, ninajisalimu, kwa sababu kazi hii haikupata mwingine wa kuiweza. (Makofi ya protokole.)

Katika kadre ya politiki yetu ya kuboresha keramiki za kutunza umeme, zisizo na madini ya risasi, ile sumu ambayo muntu mwenye akili hawezi kuiweka karibu na mutoto muchanga, tulichukua poda nyeupe ya machimbo ya Kakontwe, tukaisaga laini, tukaipika kwa moto mkali hadi vitundu vyote vikazibika, ili kisahani kidogo kibebe umeme mwingi bila kupasuka, na etide zetu zinaonyesha nguvu imepanda kwa asilimia mia tatu, asilimia ambazo hata Ulaya wanazisikia tu.

("Hicho kisahani kiko wapi, patron?" anauliza Damas, fundi umeme.)

Programu iko na etape, Bwana Damas. Etape ya kwanza tumeimaliza: minye binafsi nilikuja hapa materinite, nyumba ya kuzalia, nikaondoa zile betri mbili za kamio, za lori kubwa, zilizokuwa zinaipa umeme, kwa sababu zimejaa risasi.

(Philomène anatokea mlangoni: "Damas, bibi yako Laure anazaa sasa hivi. Mutoto akitoka na maji puani, ile pampu ya kuyanyonya iko bila umeme. Minye nitafanya nini?")

Atuvumilie, mama. Mutoto huyo ataingia katika etape ya pili. (Miguno.) Risasi, hapana! Keramiki, oyé! ("Oyé," wanaitika wawili, waliopewa biskuti.)

Namaliza kwa kumushukuru mufadhili ambaye hatujamupata, enjenyeri ambaye hatujamuajiri, na laboratware ambayo haijawekewa hata tofali. Bila wao projet isingefika hapa ilipo. Zaidi nazishukuru zile betri, ambazo zinaniwashia televizyo nyumbani, na leo ziko chini ya meza hii, zinabeba sauti yangu katika mikrofoni mpaka kwa...

(Damas amechomoa waya. Anabeba betri moja, kijana wa korale anabeba ya pili, wanakimbilia materinite. Mheshimiwa anaendelea kusema, hasikiki. Muda unapita, hakuna anayemtazama. Kisha mtoto analia kule ndani. Uwanja mzima unasimama kupiga makofi, na mheshimiwa anainama kushukuru.)