Kitabu cha Vitambaa cha Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu anarudi kazini Jumatatu ijayo. Nani atabaki na mtoto? Mimi, bila shaka. Natengeneza redio na feni hapa hapa sebuleni, siendi popote. Mama mkwe hataki kusikia. Amesema kwa simu kwamba mtoto wa miezi minane haachiwi mtu anayesahau hata chai yake jikoni. Atakuja Jumamosi kujionea. Asiporidhika, anamchukua mpaka mwisho wa mwaka. Meneja wangu! (Tunamwita Meneja kwa sababu sote tunamfanyia kazi na likizo hatoi.)

Lakini mimi ni mtu wa mipango. Nimesoma kwamba watoto hujifunza kwa vitu vya kuchezea, tena vya kutengeneza nyumbani. Kufikia Jumamosi Meneja atakuwa msomi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetengeneza kayamba. Chupa ndogo ya maji, maharage ndani, kifuniko nimekibandika kwa gundi ya kazini ili asimeze kitu. Gundi kali. Chupa imegandana na meza. Kuitikisa haiwezekani mpaka utikise meza nzima. Nimeitikisa. Feni ya mteja imeanguka.

Meneja hata hakugeuka. Alikuwa anatafuna ndala yangu.

Jumatano, 5 Machi

Fundi cherehani wa mlango wa pili ana mtoto aliyezaliwa wiki moja baada ya wetu. Leo ameniita nikaone: mtoto anatumbukiza vifuniko vikubwa kwenye kopo la maziwa, kisha anajipigia makofi. Fundi naye anapiga makofi. Nikasema hongera, roho ikiniuma. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nikatoboa kopo kubwa kuliko lake. Meneja hakutaka kutumbukiza. Nikamwonyesha. Akacheka. Nikamwonyesha tena. Mke wangu aliporudi kutoka sokoni alimkuta Meneja amelala, na mimi bado natumbukiza. Alininyang'anya kopo.

Alhamisi, 6 Machi

Kitabu! Cha vitambaa, kila ukurasa na mguso wake. Mtoto wa fundi hana.

Nilikwenda kwa fundi kuomba mabaki. Alikuwa anampima mteja, sindano mdomoni, akanionyesha chini ya meza kwa mguu. Palikuwa na mifuko miwili. Mmoja una vipande vidogo vidogo, takataka tupu. Wa pili una vipande vikubwa vya zambarau, vinang'aa, vimekatwa vizuri kabisa. Watu wanatupa mali! Nikachukua wa pili, nikaondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshona siku nzima. Vidole vimetobolewa kama chujio. Kurasa nne. Meneja amekishika, amekipapasa, amekinyonya, amenitazama na kucheka kwa sauti. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga.

Jioni fundi alikuja, jasho linamtoka, akauliza kama nimeona mfuko wake. Ujanja huo naujua: anataka kuniibia wazo. Nikakikalia kitabu, nikasema mimi na mifuko yake wapi na wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe alifika amenuna. Alipitia kwa fundi kuchukua gauni lake la sherehe, akaambiwa kitambaa kimepotea kikiwa kimeshakatwa. Nikampa pole. Nikasema mafundi wa siku hizi hawaaminiki.

Meneja akaja akitambaa, kitabu mdomoni.

Mama mkwe alikichukua. Akafungua ukurasa wa kwanza: kola. Wa pili: mkono wa kushoto. Wa tatu: mfuko, nilioutilia karatasi ya kuchakarisha. Alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Hakuna mtu aliyewahi kutazama kazi yangu kwa makini hivyo. Akauliza kwa sauti ya chini nani kashona. Nikasema mimi mwenyewe, mama. Mke wangu alikimbilia jikoni, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa analia.

Ndipo mama mkwe akamnyanyua Meneja na kusema funga nguo zake. Moyo ulinikatika. Lakini Meneja alipiga ukelele, akaninyooshea mikono yote miwili, akalikamata shati langu na hakuliachia. Mama mkwe alijaribu kumbandua mara tatu. Mwishowe mama mkwe akaketi. Akasema basi, mtoto abaki na baba yake, maana amemzoea. Atahamia yeye hapa, kwani nyumba hii ina watoto wawili wa kulea.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi! Meneja habanduki. Na mama mkwe anahamia kwangu, jambo ambalo mtu halifanyi ila amevutiwa na kazi.

Watoto wawili sijaelewa. Labda na wa fundi ataletwa. Hapo kitabu kimoja hakitatosha.

Sanduku la mama mkwe limetangulia, lipo sebuleni. Mwenyewe anakuja jioni. Nimelifungua kidogo tu. Bitana yake ni laini ajabu, rangi ya maziwa, haina doa. Nani huangalia bitana ya sanduku? Nimeshapima: inatoa kurasa sita.