Tranka la Mwalimu Modester

Jumatatu, 4 Novemba

Mwalimu Modester kapata uhamisho. Anarudi kwao Kagera, anaondoka na meli ya Jumamosi ya tarehe 16. Habari nimeipata ghalani, kwa mtu aliyekuja kuulizia maboksi matupu ya kufungia vyombo vyake. Nikasikitika kama dakika mbili. Halafu nikalikumbuka tranka.

Tranka la bati, la kijani, lina vitabu arobaini na kitu. Vyote vya namna moja: wafu wanaorudi, miji isiyokuwepo, mashine zinazoota ndoto, watu wanaoamka miaka ya mbele wakakuta kila kitu kimeharibika. Simjui mtu mwengine kisiwa hiki mwenye vitabu vya aina hiyo. Mimi ni karani wa ghala la mizigo hapa Wesha, skuli niliishia kidato cha pili, na baina ya chombo kimoja na chengine nina saa nyingi za kukaa. Kabla ya kujuana na Modester nilikuwa nasoma mifuko ya saruji. Naijua kwa ghibu, pamoja na onyo la macho.

Jioni nikaenda kumpa pole. Nikamkuta Msellem kinyozi kashafika, kashakaa, kashapewa chai. Modester akatueleza wazi kwamba tranka ni zito, halivuki bahari, na hataki kuvigawa vitabu huku na huku. Atamwachia mtu mmoja. Kuna vitatu kavisoma karibuni na bado vinamzunguka kichwani. Tuvisome kwa zamu, tumpe maoni. Maoni yako mwenyewe, akasema, na akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi.

Msellem akasema yeye hana tabu, maoni anayo hata kabla ya kusoma. Nikacheka. Nadhani hakuwa anatania.

Kitabu cha kwanza nimekichukua mimi, kwa vile nilikaa karibu na meza. Mpango: nikae nacho mpaka Msellem siku zimwishie.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemaliza *Wapangaji wa Ghorofa ya Saba*. Jengo refu, mjini, lifti yake inairuka ghorofa ya saba. Huko wanakaa wote waliofia ndani ya jengo. Wanapika, wanafua, wanagombania kamba ya kuanikia. Msichana wa ghorofa ya nane anawasikia chini ya miguu yake.

Maoni yangu (ya humu, si ya kumpa Modester): nusu ya kwanza niliisoma nimesimama. Nusu ya pili inapoa, maana mwandishi anaeleza kila kitu. Mzuka ukishaelezwa umetoka wapi na unataka nini, unakuwa jirani tu. Na kuna jambo sikulifahamu. Kurasa mia mbili na ishirini watu wanahangaika na wafu, wala hakuna aliyefikiria kuwasomea hata Yasini moja. Hakuna aliyemwita shehe. Nikasema labda ni mambo ya Wakristo. Nikamwuliza Linus, mwalimu wa hesabu, mwenzake Modester, mtu wa Songea. Akasema kwao padri angeitwa siku ile ile, na padri angeuliza kwanza kama lifti ni nzima.

Linus kapanda lifti mara mbili maishani, ya pili ikakwama. Nikataka kujua mtu ndani anahisi nini. Akafikiri, akasema unahisi kama umesahauliwa na watu unaowasikia wakipita. Nimeliandika hilo pembeni. Ni zuri kuliko chochote kilichomo kitabuni.

Nikamwuliza pia, kwa mbali, Modester anapenda vitabu gani hasa. Akasema hakumbuki vizuri akiwa na njaa. Nikampelekea pweza. Akakumbuka papo hapo: Modester anapenda kitabu kinachomliza mtu.

Ijumaa, 8 Novemba

Mpango wa kukaa na kitabu umekufa. Msellem alikuja ghalani kuulizia mzigo wake wa mashine za kunyolea, akakiona mezani, akasoma kurasa tatu za mwisho akiwa wima, akashukuru, akaondoka. Leo Ijumaa, watu wamejaa kibandani kwake kunyoa. Kutoka msikitini hadi nyumbani nimesimamishwa na watu wanne wakitaka kujua kama kweli yule msichana anahamia ghorofa ya saba kwa hiari yake.

Alasiri tukaenda kutoa maoni. Nikasema kitabu kimenitoa machozi. Modester akauliza, wapi? Hilo sikulitegemea. Nikasema pale penye lifti. Akasema lifti imo kila ukurasa, ni wapi hasa? Nikasema pote. Akanimiminia chai.

Msellem akasema kitabu ni kizuri mwishoni. Modester akacheka mpaka akaishika meza.

Sioni kilichochekesha. Nimepewa cha pili, kwa vile nilikuwa nimekaa karibu na meza tena. Hilo angalau nimelipanga vyema.

Jumapili, 10 Novemba

*Mwaka Uliokunjwa Bahari*. Wataalamu wanaikunja bahari kama mkeka, wanakwenda kuiweka mahali. Watu wa pwani wanaamka alfajiri, mchanga mtupu mpaka macho yanapokoma. Halafu kurasa ishirini za kilio.

Nilikuwa namsimulia mke wangu, Nusaiba, huku anachambua mchele. Mama yake, Bi Mwanapili, anakaa nasi tangu mwaka jana macho yalipoanza kumfanyia ukungu. Macho tu. Masikio hayajamfanyia kitu. Akaniuliza kutoka chumbani kwake, nyuma ya pazia: bahari imeondoka saa ngapi, baba? Nikamwambia alfajiri, mama. Akasema basi kilio hicho ni cha uongo. Bahari ikiondoka Wesha alfajiri, saa mbili watu washagawana mchanga, washatia mawe ya mipaka, na wawili wako ofisini kwa sheha wamekamatana mashati. Kulia watalia adhuhuri, wakikosa kitoweo.

Nikamwambia kwa adabu kwamba hii ni hadithi ya kubuni. Akasema mie najua. Bahari na waibuni wapendavyo. Watu wasiwabuni.

Nusaiba alicheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi niliyaona ni maoni ya mtu asiyesoma vitabu, nikayaacha.

Mwenyewe nina langu, la kitaalamu. Bahari ikishakunjwa inawekwa wapi? Mwandishi hasemi. Mimi ni mtu wa ghala. Kitu ukishakikunja lazima kiwe na pahala pake, juu ya ubao kisipate unyevu, na mtu wa kukisainia. Sasa huu ni unyevu wenyewe. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Leo ghalani nimeyapanga magunia vibaya kwa kuwaza mkeka wa maji unaotoka hapa mpaka Tanga. Ni swali kubwa. Sikumpa Modester, maana halilizi.

Nilichompa ni hiki. Nilitia kipande cha kitunguu ndani ya kitambaa cha mfukoni, nikangoja arudi kanisani, nikaanza kuzungumza, nikajifuta. Sikujua kwamba Nusaiba alikatia pilipili kwenye kibao kile kile nilichokatia kitunguu. Nikapofuka. Modester alinikosha macho kwa maji ya mtungi, akaniuliza kama ni kitabu. Nikasema ni kitabu. Aliyeshika beseni ni Msellem. Alipoulizwa maoni yake akasema kwanza tuone kama Bwana Vuai atapona.

Jumanne, 12 Novemba

Linus kala pweza wa pili. Sasa anasema alikosea, Modester si mtu wa kulia, ni mtu wa kuogopa. Anapenda kitabu kinachomtia mtu hofu. Nikamwuliza ana hakika? Akasema ana hakika kama alivyokuwa na hakika mara ya kwanza.

Kitabu cha tatu ni *Mgeni wa Chumba cha Uani*. Mtu mrefu, mpole, anakaribishwa kwenye nyumba ya kitajiri. Hunywa damu. Hawezi kuvuka kizingiti mpaka aambiwe karibu. Hilo nimelipenda, ana adabu kumshinda Msellem. Pale anaposimama mlangoni mvua inanyesha, anatabasamu, anangoja neno moja tu, niliinuka kutia komeo mlangoni kwangu, nakiri. Lakini mbele nikaanza kuchoka. Wenye nyumba wanagundua kwamba hali chakula ukurasa wa mia na tisini.

Nimemsomea Bi Mwanapili kidogo, yeye ukumbini, mimi barazani. Niliziruka sehemu za mbalamwezi, ni nyingi. Akanisimamisha. Akasema jana mwezi ulikuwa mchanga, leo umekuwa mpevu, na hawa hawajapata kulala. Umeruka. Nikarudi nyuma, nikasoma mbalamwezi zote.

Nilipofika kwenye kutokula akanisimamisha tena. Halafu akauliza mgeni amekaa siku ngapi. Nikasema arubaini. Akasema mgeni hali kwangu siku ya kwanza, nitasema safari imemchosha. Ya pili nitamwuliza ana maradhi gani. Ya tatu mtaa mzima unajua na mmoja kashaleta uji. Nyumba ambayo mtu hali siku arubaini na hapana aliyetazama sahani yake, mwanangu, nyumba hiyo ndiyo ya kuogopwa. Huyo mgeni kaja akakuta wenziwe.

Nilifunga kitabu. Nilikaa pale barazani mpaka chai ikapoa. Sijasoma popote neno kama lile.

Kwa Modester, hata hivyo, kinatakiwa kitu cha hofu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimetoa maoni ya mwisho. Nilisema sijapata usingizi siku mbili, nimesikia kucha mlangoni, na Nusaiba kanikataza kukitaja kitabu ndani ya nyumba. Modester akauliza: na ule mwezi mzima na zaidi asile, wewe uliuonaje? Nikasema sikuuona, hofu ilinizidi. Akaniuliza tena, polepole kama anayemsaidia mtoto kwenye mtihani: hukuona ajabu yoyote? Nikasema damu tu.

Msellem akasema yeye kakisoma kutoka mwisho kuja mwanzo, na hivyo ndivyo kinavyopendeza. Jitu limeshiba damu, linapungua, linapungua, mwishowe linakuwa mtu mwenye njaa mlangoni, kwenye mvua, anaomba kukaribishwa. Modester alitoa daftari akayaandika hayo. Ya kwangu hakuandika.

Lakini wakati wa kuagana kaniambia kesho atakuja kwangu kuaga, na jibu atalitoa huko huko. Kwangu, si kibandani kwa Msellem. Nimeondoa vyombo kwenye rafu ya ukumbini na kuifuta vumbi.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika taratibu kwa sababu mkono una hasira.

Modester kafika baada ya Sala ya Ijumaa. Tranka limekuja nyuma ya baiskeli ya Msellem. Nikamwonea huruma, kubeba zawadi ya mtu mwengine. Nusaiba akatia chai. Bi Mwanapili akatoka, akakaa mkekani, akamwuliza Modester: ndiye weye mwenye mgeni asiyekula?

Hapo chai ikasahauliwa. Alisema ya sahani. Modester akamwuliza ya bahari, akasema ya mawe na mashati kwa sheha. Akasimuliwa pia ghorofa ya saba, akasema anachowaonea imani wale wafu ni kamba moja ya kuanikia. Walibishana. Modester alikuwa akiukataa mwisho wa kitabu cha mgeni, Bi Mwanapili akiutetea, na Modester alikuwa na furaha usoni ambayo sikupata kuiona miaka yote minne niliyomjua. Akasema amevisoma vitabu hivi kisiwani peke yake, akingoja mtu mmoja tu wa kugombana naye.

Akauliza mbona Vuai hakumwambia haya. Bi Mwanapili akasema mwanangu Vuai ni mtu mwema, ila yeye maoni hayatoi, huyanunua kwa pweza.

Tranka akapewa yeye.

Nikasema, kwa heshima zote, kwamba mama haoni maandishi. Msellem hakungoja nimalize. Akasema yeye baada ya alasiri ana nafasi kila siku. Nikasema msomaji yumo humu humu ndani. Bi Mwanapili akasema Vuai anaruka. Huyu naambiwa huanzia mwisho, lakini haruki, na kuanzia mwanzo nitamfunza.

Tranka limeingizwa chumbani kwake, uvunguni mwa kitanda. Chumba cha mkwe wangu. Miaka kumi na sita nimemuoa Nusaiba na sijalivuka pazia la mama yake, popote alipokaa, wala sitolivuka. Bora lingekwenda Kagera. Kagera mtu hupanda meli na basi akafika.

Jumanne, 19 Novemba

Modester kaondoka Jumamosi. Nilimfungia maboksi mwenyewe, vizuri, na kamba mbili. Aliniambia ana hakika kuna siku nitamwandikia barua ya kweli. Sikuelewa ana maana gani, mimi barua zangu zote ni za kweli, zina muhuri wa ghala.

Msellem anakuja kila alasiri. Anasoma barazani, Bi Mwanapili ukumbini. Mimi nipo uani, natengeneza banda la kuku ambalo halijaharibika. Wamo kwenye hadithi ya mtu aliyezikwa na simu yake, na simu inaendelea kujibu ujumbe wa watu, kwa upole kuliko alivyokuwa mwenyewe, mpaka jamaa wakaanza kuipenda simu. Nataka mno kujua itaishaje. Jana walisita pale mjane anapoiuliza simu jambo ambalo mumewe alikataa kumwambia, na Msellem akaenda kunyoa.

Bi Mwanapili kanihurumia. Leo kaniita, akasema pazia ni pazia, ila Nusaiba ana mikono. Atanitolea kitabu kimoja kila wiki. Sharti moja: kwanza nimwambie hii ya simu mimi naionaje. Nusaiba akaninong'oneza, mwambie tu ulichonacho moyoni, kuna kazi gani?

Ninacho. Naona simu ile inatisha kwa sababu inasikiliza, na marehemu hakuwa akisikiliza, na nimejiuliza mara mbili kama Nusaiba angeona tofauti kati ya simu yangu na mimi. Nilikuwa nishafungua mdomo niseme hivyo.

Nikaona si busara kukurupuka. Kwanza nijue mama mwenyewe anaionaje. Msellem lazima anajua. Nimemwambia mama anipe mpaka kesho, na asubuhi nakwenda kibandani kunyoa, nimdodose taratibu akiwa na mashine mkononi. Kichwa nilinyoa juzi nikimdodosa hadithi itaishaje, ndevu jana. Zimebaki nyusi.