Dirisha Langu Litaruka Ngazi

Jumatatu, tarehe 4

Nimeshindwa! Hakimu kasema ukuta wa wifi yangu uko ndani ya mpaka wake, hata kama umeziba dirisha langu. Kwa hiyo nishonee gizani? Leo nimetunga uzi sindanoni mara tisa ndipo ukaingia. Tisa! Na wifi katoka mahakamani anajitingisha kama bibi harusi. Eti nikifika nyumbani nilisalimie giza.

Jumanne, tarehe 5

Kwa karani wa mahakama. Nimemwambia rufaa yangu iende moja kwa moja mahakama ya juu kabisa, hizi za katikati sina umri nazo. Akasema bibi, rufaa hupanda ngazi kwa ngazi. Kuruka kunaruhusiwa, ila shauri liwe la sheria inayowagusa wengi, na pande zote mbili zikubali kwa saini au dole gumba. Zote mbili! Nimwombe nyoka ruhusa ya kumpiga? Nikamwuliza kama kwao kuna madirisha. Akasema yapo. Basi, linawagusa wengi.

Alhamisi, tarehe 7

Wifi hajui kusoma. Mimi herufi nimezifukuzia mwenyewe uzeeni, kwenye magunia ya unga. Nimempelekea fomu ya karani ya kukubali kuruka ngazi, nikadai ni barua ya kumwomba radhi. Akataka nimsomee. Haya! Nikabuni papo hapo: mimi mkaidi, mdomo wangu hauna breki, na tangu kaka yake anifie sina mwingine wa kugombana naye. Hilo la mwisho sijui lilitoka wapi. Mjinga yule akalia. Nikalia na mimi, kwa hasira. Akaweka dole. Kisha nikamkanda goti, maana wanawe hawajui kukanda.

Jumamosi, tarehe 9

Nyundo asubuhi! Fundi anabomoa ukuta. Eti barua imemgusa wifi moyo. Jua limejaa mpaka kwenye cherehani, nimeshona suruali mbili kabla ya saa nne. Mwanamke hana adabu! Hata kuniuliza?

Jumatatu, tarehe 11

Nimempa karani fomu. Akauliza ukuta bado upo? Nikasema umebomolewa. Akacheka, akasema basi bibi, umeshapata ulichotaka, hakuna cha kukatia rufaa. Nimepata? Hukumu inasema nimeshindwa, na ina muhuri! Nimepitia kwa fundi. Kesho aje na matofali yote, aujenge upya, na saruji asibanie. Wifi akikataa, nitamsomea barua nyingine.