Mmeumaliza Mji Wote, na Mdogo Wangu Anafunga Mizigo

Bibi Prayong, muuza mishikaki,
Uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha barafu,
Thonburi, ng'ambo ya mto,
Bangkok.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Matembezi ya Mji Wote kwa Siku Moja.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KUUMALIZA MJI BILA HURUMA

Umeshakula wali? Kama bado, iweke barua hii chini, ule kwanza. Sitaki kumgombeza mtu mwenye njaa.

Kabla ya yote ujue kwamba mimi sikwenda shule. Herufi nilifundishwa na mtawa wa hekalu la hapa mtaani nikiwa na miaka sitini na sita, na alinifundisha kwa kutamka kila neno kwa sauti kubwa. Mpaka leo siwezi kuandika kimya. Nikiandika orodha ya sokoni, uchochoro mzima unajua jioni napika nini. Basi ukikuta neno limekaa upande, usicheke. Litamke kwa nguvu, litanyooka.

Jana tulikuwa wageni wenu, mimi na mdogo wangu Thongbai, aliyekuja kutoka Surin kunitembelea. Sasa hivi yuko chumbani nyuma ya pazia, anafunga mizigo. Treni yake ya kurudi inaondoka saa moja jioni. Kosa ni la kampuni yako, nami nitalieleza kwa namba ili msije mkasema mama mzee alipayuka.

1. Mliandika ukweli. Karatasi yenu ilisema "Mji wote kwa siku moja." Mimi nimeishi Bangkok miaka hamsini na miwili. Nimeona mafuta ya kuotesha nywele, nimeona sufuria zisizoungua, na mume wangu marehemu aliniahidi nyumba yenye bustani. Ningejuaje kwamba katika mji huu kuna watu wanaoandika jambo kisha wanalifanya?

Nilikuwa na mpango. Thongbai ni mjane, anakaa peke yake katika nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, na mvua zilizopita aliteleza kwenye ngazi akakaa matopeni tangu alfajiri mpaka muuza bata alipopita. Alinisimulia kwa simu huku anacheka. "Dada, bata walinishangaa!" Mimi sikucheka. Nilikata simu, nikaunguza mishikaki ya siku nzima.

Nataka akae kwangu. Lakini wewe ni mtu wa hapa, unajua. Ndugu haombwi jambo kubwa akitazamwa usoni, maana ukiombwa na dada yako huwezi kukataa, na asiyeweza kukataa amelazimishwa. Kwa hiyo sikumwomba. Nilisema moyoni, nitampeleka akauonje mji kwa ncha ya kidole, atamani kesho, kesho atamani kesho kutwa, mpaka siku moja ashtuke mswaki wake una mwaka mzima kwenye kikombe changu. Ninyi mkamlisha sahani yote kwa mpigo mmoja.

2. Hamkutupa foleni. Hili bado linaniuma. Nimekaa kwenye foleni za mji huu mpaka nimewajua madereva wa mabasi na majina ya wake zao. Siku moja tu maishani mwangu ninaihitaji foleni, naihitaji kabisa, tukwame saa tatu nyuma ya lori la viazi, Thongbai aseme "mbona hatujaona kitu, itabidi tuje tena." Kiongozi wenu, Bi Rattiya, akatuingiza kwenye mashua. Mashua ikaruka kama imechelewa harusini. Maji yalitupiga usoni, Thongbai akapiga ukelele wa furaha, na mimi nilipiga ukelele pia, lakini wangu ulikuwa wa malalamiko. Waliotusikia hawakuweza kutofautisha.

3. Bi Rattiya ni mwaminifu kupita kiasi. Kila mtu anawajua wale madereva wa bajaji wanaosimama karibu na Kasri Kuu na kuwaambia wageni kwamba leo pamefungwa, ili wawapeleke kwa mshonaji suti. Ni dhambi, naijua. Lakini nilimvuta Bi Rattiya pembeni, nikamwambia, "Mwanangu, mwambie mdogo wangu kumefungwa. Leo tu. Kwa nia njema."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba aibe sanamu.

"Bibi, mimi nina leseni."

"Leseni yako inasema uuvunje moyo wa mzee?"

"Inasema niseme kweli, Bibi. Na lango hilo hapo liko wazi, watu wanaingia, mdogo wako ana macho."

Nikamwambia basi amwambie wale wanaoingia ni mafundi. Akacheka mpaka mwavuli wake wa njano ukamwanguka. Mheshimiwa, mfanyakazi anayecheka vizuri namna ile ni hatari. Thongbai alimpenda papo hapo, na tukaingia kasri yote, mlango hata mmoja haukusazwa. Nami lazima niseme, kwa kuwa nimeapa kusema kweli ndani ya barua hii: sikuwahi kuingia. Miaka hamsini na miwili! Sikujua kwamba dhahabu ikiwa nyingi hivyo inatoa joto.

4. Mlitupeleka kwa sanamu ya Buddha aliyelala. Yeye mwenyewe simlaumu, nitamlaumuje, nilipiga magoti mpaka yakalia. Nawalaumu ninyi kwa mpangilio. Mtu ametoka kuzungushwa tangu asubuhi, miguu inawaka, kisha mnamsimamisha mbele ya mtu mrefu kuliko uchochoro wetu, amejilaza kwa ubavu, mkono chini ya kichwa, anatabasamu. Thongbai alimtazama muda mrefu akasema, "Dada, huyu ndiye wa kwanza ninayemwona Bangkok anapumzika." Halafu akasema, "Kwangu mimi nalala hivihivi kila mchana."

Umeona? Mmempeleka mtu kuona mji, mkamwonyesha kwake.

5. Ngazi za Hekalu la Alfajiri. Hapa nilitegemea magoti yangu. Magoti haya yamenisaliti kwenye mazishi, sokoni na chooni. Niliamini kwa hakika yatanisaliti na jana. Nikasema hatuwezi, turudi nyumbani, tutapanda mwakani. Bi Rattiya akanipa bega lake la kulia, akampa Thongbai la kushoto, akatukokota juu kama magunia mawili ya mchele yanayogombana. Mheshimiwa, kule juu kuna upepo. Kuna maua ya vigae vya sahani zilizovunjika, nami nikamwambia Thongbai, "Kumbe kila sahani uliyovunja utotoni ililetwa huku." Akacheka, nikacheka, meno yangu ya bandia yakataka kuruka mtoni nikayadaka kwa kiganja. Na chini, ng'ambo ya mfereji, niliona paa langu la bati. Jekundu, lenye tairi juu. Nimelala chini yake miaka yote hii na sikujua linapendeza.

Lalamiko lenyewe ni hili: mlimfurahisha kupita kipimo. Mtu aliyefurahi kiasi kile hana anachokidai. Anakwenda zake.

6. Nguzo ya mji. Mlitupeleka wote wawili kwenye hekalu la mlinzi wa mji kuweka nadhiri, saa ileile, mkeka mmoja. Mimi niliahidi mayai tisini na tisa ya kuchemsha, mdogo wangu akikaa. Nilipofumbua macho, Thongbai naye alikuwa ananong'ona, ananong'ona, kama anayesimulia maisha yote ya jirani yake. Nikamuuliza umeomba nini.

"Ya kwangu ni ya kwangu, Dada. Wewe mbona umenong'ona mpaka mshumaa ukazimika?"

Bila shaka aliomba safari njema. Sasa huyo mwenye nguzo amsikilize nani? Mmoja anavuta huku, mmoja anavuta kule, na uvumba ni uleule. Kampuni yenye mpangilio ingeweka foleni mbili: ya wanaotaka kuondoka na ya wanaotaka kubakiwa.

7. Supu. Tulimalizia Mtaa wa Wachina, mezani, supu ya tambi na bata. Thongbai akaweka kijiko chini, akanitazama, akasema, "Haya, Dada. Mji wote nimeuona. Sasa naweza kwenda."

Hilo ndilo lalamiko langu. Mengine sita nimeyaandika ili hili lisije peke yake. Niliagiza bakuli la pili, Mheshimiwa. Mimi! Niliyemwambia polisi wa mtaa huu kwamba tumbo lake limefika kazini kabla yake!

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na siyo mengi. Matembezi yenu yasiwe ya siku moja. Yawe ya miaka kumi na mmoja, na mapumziko wakati wa mvua. Viongozi wafundishwe kupotea. Kila hekalu libakize mlango mmoja usiofunguliwa, ili mtu awe na sababu ya kurudi. Mashua zitiwe mchanga. Na leo, kabla ya saa moja jioni, mtu wenu mwenye leseni aje hapa kwangu amwambie mdogo wangu kwamba kuna sehemu ya mji imesahauliwa, kubwa, ya lazima, na inaonekana mwezi wa nne tu. Kama hamwezi hayo, basi jina la kampuni lifutwe, maana mji huu ulikuwa mrefu na mtamu mpaka ninyi mlipoufikisha mwisho.

Wasalimie mkeo na wakwe zako, na mama yako kama yu hai. Kama hayupo, nitamwashia ubani. Wasalimie wanamashua. Bi Rattiya mwambie nimemkasirikia na ale vizuri, amekonda.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,

Bibi Prayong

N.B. Usitume mtu.

Nilipoandika "na uchungu" pazia lilifunguka. Thongbai alikuwa amesimama, blauzi moja mkononi, uso umelowa, anacheka.

"Dada, unaandika barua au unanadi ng'ombe? Nimekaa juu ya sanduku tangu lalamiko la kwanza."

Nikamwambia kusikiliza barua ya mtu ni tabia mbaya.

"Tabia mbaya ni yako. Mwenye nguzo umesema naye. Kiongozi umesema naye. Mkurugenzi usiyemjua unamwambia yote mpaka ya bata. Mimi nimezungushwa kasri, mto na mahekalu, kutwa nzima nangoja useme neno moja. Pale mezani nilisema naweza kwenda, nikakutazama. Ukaagiza supu!"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Nijikaribishe mwenyewe nyumbani kwa mtu? Nimekuwa mzigo mimi?"

Basi nikasema. Niliitamka kwa sauti kama nilivyofundishwa: Thongbai, kaa na mimi. Alikwenda kwenye kabati akasukuma nguo zangu zote upande mmoja, na kwa ukali.

Sasa kuna jambo la aibu. Kwenye nguzo ya mji hakuomba safari njema. Aliomba nimwambie kabla ya treni, na aliahidi mayai tisini na tisa. Tuna mayai mia moja tisini na nane ya kuchemsha na sufuria moja. Yatakapokwisha kutolewa kwenye nguzo, yanaliwa. Njoo Alhamisi na ofisi nzima, mje na mchuzi wa samaki.

Tena utuwekee nafasi mbili kwenye matembezi ya wiki ijayo, safari ileile, mwanzo mpaka mwisho. Thongbai anasema mji hakuuona hata chembe. Siku nzima alikuwa anautazama mdomo wangu.